SOMO LA KIKUNDI: Gari Letu Linakunywa Mafuta – Tupime Kwanza, Tulaumu Baadaye



 Siku hizi vikundi kadhaa vimejikakamua na kununua gari. Wengi huchukua yale magari ya familia yaliyoinuka, yenye foo-wili, yanayoteremshwa bandarini Mombasa yakiwa yametumika tayari huko Japani. Sababu zao ni nzuri. Gari la namna hii hupanda mlima, hupita kwenye matope, hubeba watu na mizigo, na usiku hugeuka kuwa ambulansi ya kijiji.

Lakini kila tunapotembelea vikundi hivyo swali ni lile lile: "Gari yetu inakunywa mafuta sana. Tufanye nini?" Ndiyo sababu ya somo hili. Mmoja alisome kwa sauti kwenye mkutano, na kila mnapofika kwenye maswali, msimame na kujadiliana. Dereva awepo. Msilisome bila yeye.

HADITHI YA KUANZIA

Hadithi hii ni ya kweli. Majina tumeyaacha kwa sababu wenyewe wako na wanaendelea kuishi pamoja.

Kikundi hiki kiko Taita, mbele kidogo ya Wundanyi. Kina wanachama 28, wengi wao akina mama. Gari lao lina injini ya petroli ya lita 2. Siku ya soko linapeleka mboga Voi mara mbili, na usiku likiitwa linabeba mgonjwa.

Tulialikwa kwenye mkutano wao na tukakuta maneno ni makali. Mwekahazina alisimama na kitabu chake. "Zamani tulikuwa tunaweka mafuta ya elfu tatu na mia nne hivi, siku ya soko inapita vizuri. Sasa tunaweka ya karibu elfu tano, na gari inarudi taa ya mafuta ikiwaka. Bei ya petroli ni ile ile. Sasa hayo mengine yanaenda wapi?"

Mzee mmoja akajibu bila kusimama. "Gari haina mdomo. Mwenye mdomo ni dereva."

Watu walicheka, lakini dereva hakucheka. Ni kijana wa papo hapo kijijini, ana mke na mtoto mdogo. Akasema, "Mzee wangu, sijawahi kutoa hata kikombe kimoja."

Mama mmoja akamwambia, "Wewe ni mtoto wetu, lakini mafuta hayaruki kama ndege."

Ilipendekezwa afutwe kazi mwisho wa mwezi. Kumbukeni kwamba kazi ikiondoka kwa neno kama hilo, jina nalo huondoka. Nani mwingine angempa gari?

Tena, hasara ilikuwa imekwisha kufika kwa wanachama. Kamati ilikuwa imepandisha nauli ya mgonjwa ili kuziba pengo la mafuta. Wiki chache kabla ya mkutano, mama mjamzito aliyeshindwa na nauli hiyo aliteremshwa hospitali usiku kwa pikipiki. Alifika salama na mtoto ni mzima. Lakini kila mtu mkutanoni alijua kwamba ingeweza kuwa vingine.

Nasi lazima tukiri jambo. Tulikuwa wageni, na wageni hawatakiwi kuhukumu, lakini mioyoni mwetu tulikuwa tumekwisha kumshuku. Tulipofika tulikuwa tumeona jerikeni nyuma ya gari. Tukajiambia, ndiyo hiyo. Hatukumwuliza ya nini.

Maswali: Katika kikundi chenu, kitu kikipungua, ni nani hulaumiwa kwanza? Je, kuna kipimo chochote kinachofanyika kabla ya lawama?

HATUA YA KWANZA: PIMENI

Neno "sana" si kipimo. Mmoja akisema gari linakunywa sana na mwingine akisema ni la kawaida, mtabishana mpaka jioni. Kipimo ni kujua lita moja inalipeleka gari kilomita ngapi. Fanyeni hivi:

1. Jazeni tangi kwenye kituo cha mafuta mpaka mpira wa pampu ujikate wenyewe mara ya kwanza. Msiongeze tena.
2. Andikeni namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi.
3. Tumieni gari kama kawaida mpaka tangi lipungue nusu au zaidi.
4. Rudini kwenye pampu ile ile, gari lisimame mahali pale pale, mjaze tena mpaka mpira ujikate. Andikeni lita zilizoingia na kilomita mpya.
5. Toeni kilomita za kwanza kutoka kwa zile mpya, kisha mgawanye kwa lita.

Mfano: kilomita 234 zikigawanywa kwa lita 36 ni 6.5. Yaani lita moja inakwenda kilomita sita na nusu. Rudieni mara tatu kabla ya kuamini, kwa sababu tangi linaweza kujaa tofauti kwa lita moja hivi. Msipime kwa pesa, kwa sababu bei hutangazwa upya kila mwezi. Wala msitegemee mshale wa mafuta, maana gari likisimama kwenye mteremko mshale hudanganya.

Angalieni pia kama tairi ni za saizi ileile ya mwanzo. Mkifunga tairi kubwa zaidi, mita huhesabu kilomita chache kuliko zile mlizokwenda, na gari huonekana mlafi kuliko lilivyo.

HATUA YA PILI: SAFARI YA USHAHIDI

Kipimo hicho peke yake hakiwezi kumtetea dereva wala kumtia hatiani. Mtu akinyonya mafuta usiku, hesabu itaonyesha kilomita chache kwa lita. Gari likiwa bovu, hesabu itaonyesha vile vile. Kwa hiyo lazima itafutwe safari ambayo hakuna mtu anayeweza kunyonya.

Tulikubaliana hivi. Gari lijazwe Voi asubuhi, lipande mpaka ghala la kikundi na kurudi Voi, mara mbili, siku hiyo hiyo. Mwekahazina na yule mzee waketi ndani muda wote, hata wakati wa chai. Kisha tangi lijazwe tena pale pale. Kuanza na kumaliza mahali pamoja ni muhimu sana. Kutoka Voi mpaka Wundanyi ni kupanda karibu mita 800. Ukipima kupanda peke yake, gari lolote litaonekana bovu. Ukipima kuteremka peke yake, lolote litaonekana zuri.

Safari ilikuwa kilomita 172. Pampu ilipojikata ilisoma lita 26, yaani kilomita 6.6 kwa lita. Kwa mafuta ambayo kikundi kilikuwa kikinunua zamani, gari lilikuwa likifika kilomita 9.

Mzee alitazama pampu kwa muda, kisha akasema, "Basi mdomo ni wa gari."

Lakini jambo lingine lilitokea njiani. Katikati ya mlima dereva alisimamisha gari, akangoja, kisha akachukua ile jerikeni na kuongeza maji kwenye rejeta. Hivyo ndivyo tulivyojua jerikeni ilikuwa ya nini.

Maswali: Ni kitu gani tulikiona kwa macho tukakipa maana isiyo yake? Imewahi kutokea kwenu?

HATUA YA TATU: TAFUTENI, MKIANZA NA KISICHO NA GHARAMA

Makosa makubwa mawili ni kununua vipuri kwa kubahatisha, na kubadilisha vitu vitano siku moja. Ukibadilisha vitano hutajua ni kipi kilichosaidia. Kikundi hiki kilikuwa kimenunua plagi mpya mara mbili bila mafanikio. Fuateni utaratibu huu.

Kwanza, uvujaji. Wekeni kadibodi safi chini ya gari usiku. Asubuhi nuseni na kutazama. Tumieni tochi, kamwe msitumie kibatari wala kiberiti. Hapa hapakuwa na kitu.

Pili, upepo wa tairi. Pimeni asubuhi kabla gari halijatembea. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari yaliyotengenezewa Japani mara nyingi huandika 210 au 2.1. Hiyo ni sawa na 30 kwenye vipimo vya upepo vya kwetu. Sisi tulikuta 24, 22, 21 na 19. Tairi laini hukokota gari kama mtu anayetembea kwenye mchanga, na tena huisha pembeni mapema.

Tatu, breki zinazoshika. Endesheni kilomita chache mahali tambarare bila kutumia breki sana, kisha msimame taratibu. Lete kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa chuma. Likiwa moja ni la moto kuliko wenzake, hapo pana neno. Inueni gurudumu kwa jeki, mkiwa mmeweka mawe nyuma ya mengine, na mlizungushe kwa mkono. Gurudumu la mbele la kulia la gari hili lilikuwa zito. Pini za kalipa zilikuwa zimeshika kutu, kwa hiyo pedi hazikuachia hata dereva alipotoa mguu. Fundi alizisafisha akazipaka grisi maalum ya breki. Grisi ya kawaida huyeyuka na kuharibu mipira, kwa hiyo msikubali ipakwe.

Nne, joto la injini. Hapa ndipo mwizi mkubwa alipokuwa amejificha. Injini ina kifaa kidogo kinachoitwa thamostati. Kazi yake ni kama mlango. Injini ikiwa baridi, mlango hufungwa ili maji yasiende kwenye rejeta na injini ipate joto haraka. Maji yakifika kwa kawaida kati ya digrii 80 na 90, mlango hufunguka. Tulimwuliza dereva mshale wa joto unakaa wapi. Akasema, "Kwenye mteremko unalala chini kabisa. Kwenye mlima unapanda." Mshale wa gari zima hupanda mpaka karibu katikati na kutulia hapo.

Fundi alipofungua alikuta thamostati haipo. Mwaka mmoja nyuma gari lilikuwa limechemka mlimani, na fundi mwingine aliitoa akasema nchi yetu ni ya joto, kitu hicho hakina kazi. Wengi wetu tumeambiwa hivyo, na si kweli. Magari ya sasa yana kompyuta inayopima joto la maji. Ikiona injini ni baridi huongeza petroli, kama mama anavyoongeza kuni moto unapotaka kuwaka. Injini isiyopata joto hulishwa petroli ya ziada safari nzima. Ndiyo maana plagi mpya zilikuwa zinageuka nyeusi tii kwa masizi. Plagi ya injini inayochoma vizuri huwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu.

Na je, kuchemka kuliponywa? Hapana! Jerikeni ni shahidi. Kosa halisi lilikuwa mfuniko wa rejeta ambao mpira wake ulikuwa umekwisha. Mfuniko mzima hushikilia maji yakiwa chini ya mgandamizo, na maji ya namna hiyo huchelewa kuchemka. Mfuniko mbovu huyaachia yatoke. Tena, rejeta ilikuwa imeanza kuziba kwa kutu, kwa sababu ya kujazwa maji ya mto bila kulanti. Kwa hiyo dawa ilikuwa mfuniko mpya, kuosha rejeta, kulanti, na kurudisha thamostati. Mkirudisha thamostati bila kutibu kilicholichemsha gari, litachemka tena. Na kamwe msifungue rejeta ikiwa moto. Maji yale huunguza uso.

Thamostati inaweza kujaribiwa nyumbani. Ikiwa baridi iwe imefungwa. Itumbukizeni kwenye sufuria kuukuu ya maji, chemsheni, na mtaiona ikifunguka kabla maji hayajachemka vizuri. Sufuria hiyo isirudi jikoni, kwa sababu kulanti ni sumu.

Tano, taa ya injini kwenye dashibodi. Hapa kulikuwa na kipande cha soleteipu nyeusi juu ya taa. Dereva mwenyewe ndiye aliyekibandika. "Ilikuwa inatisha abiria," akasema. Taa hiyo ikiwaka, fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta anaweza kupata namba ya kosa. Kwa magari mengi namba P0128 maana yake ni kwamba maji ya injini hayafikii joto linalotakiwa. Lakini namba haitoshi kuwa hukumu, inawaonyesha tu mahali pa kutazama. Ikitaja sensa ya oksijeni, msikimbilie kununua sensa. Angalieni kwanza nyaya, uvujaji wa ekzosi na joto la injini.

Sita, filta ya hewa. Wengi huanza na hii kwa sababu ya mazoea ya magari ya kabureta. Katika injini ya petroli yenye injekta, kompyuta hupunguza petroli hewa ikipungua, kwa hiyo filta chafu huondoa nguvu zaidi kuliko inavyokula mafuta. Vumbi letu ni jingi, kwa hiyo ikaguliwe na kubadilishwa, lakini msitegemee miujiza. Msiioshe kwa petroli, maana ni ya karatasi.

HATUA YA NNE: HESABU YA KILA MABADILIKO

Tuliomba kikundi kirudie safari ile ile ya kilomita 172 baada ya kila kazi. Mwekahazina aliandika hivi:

Kabla ya kazi yoyote: lita 26 (kilomita 6.6 kwa lita)
Baada ya kujaza upepo: lita 25 (kilomita 6.9)
Baada ya breki: lita 23 (kilomita 7.5)
Baada ya rejeta na thamostati: lita 19 (kilomita 9.1)

Tofauti ya lita moja ya upepo peke yake haitoshi kuaminika, maana hata pampu inaweza kuileta. Lakini tofauti ya lita saba haina ubishi. Tukichukua lita moja kuwa shilingi 180, lita saba ni shilingi 1,260 kila siku ya soko. Vipuri na fundi viligharimu shilingi 6,400. Hesabuni wenyewe: ndani ya siku sita za soko pesa zilikuwa zimerudi.

HATUA YA TANO: TABIA ZETU SOTE

Baada ya gari kupona, dereva na wanachama walikaa pamoja na kutazama mazoea yao.

Dereva alikuwa na desturi ya kuteremka mlima kwa fri, yaani bila gia, akidhani anaokoa mafuta. Tulimweleza kwamba gari lenye injekta likiteremka gia ikiwa ndani na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta hukata petroli kabisa. Ukitoa gia, injini inabidi iendelee kunywa ili isizime. Kwa hiyo fri hula mafuta, na huacha kazi yote kwa breki. Breki zikichemka kwenye kona za kuteremkia Mwatate, hapatakuwa na mkutano wa kujadili.

Wanachama nao walikuwa na yao. Injini ilikuwa ikiachwa inanguruma sokoni ili watu wachaji simu. Injini ya kiasi hicho ikisimama tu inaweza kula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Foo-wili ilikuwa ikiachwa imeingia hata kwenye lami. Keria tupu ilikuwa ikibaki juu ya gari ikipigana na upepo.

Je, mzigo? Wengi waliulaumu. Kwa hesabu yetu, kila kilo 100 zinazopandishwa mita 800 hutaka karibu sehemu moja ya kumi ya lita. Mzigo una gharama, lakini si gharama ya kumfukuzia mtu kazi. Bebeni mzigo wenu unaolipa, na mshushe usiolipa.

Baada ya mazoea hayo kurekebishwa, safari ile ile ilitumia lita 18.

MWISHO WA HADITHI

Mkutano uliofuata, yule mzee alisimama safari hii. Alisema, "Kijana wangu, nilikuvunjia jina mbele ya watu, na mbele ya watu narudisha." Dereva alijibu, "Yamekwisha, baba. Na mimi nilificha taa." Nauli ya mgonjwa ikarudishwa ilivyokuwa. Sasa ndani ya gari kuna daftari lenye nguzo nne: tarehe, kilomita, lita, na sahihi mbili. Ya dereva, na ya mwanachama aliyekuwepo pampuni.

Sahihi hizo mbili hazikuwekwa ili kumlinda gari dhidi ya dereva. Zinamlinda dereva dhidi ya maneno yetu. Huenda katika kikundi kingine kipimo kitaonyesha kwamba ni mtu kweli anayenyonya. Hata hapo mtakuwa mmemkamata kwa hesabu, si kwa minong'ono.

MASWALI YA KUJADILI

1. Gari letu linakwenda kilomita ngapi kwa lita? Ni nani kati yetu anayejua?
2. Mshale wa joto wa gari letu unakaa wapi likiwa mlimani, na likiwa kwenye mteremko?
3. Kuna kipuri chochote ambacho fundi alikitoa akasema hakina kazi?
4. Kuna mtu tuliyemlaumu bila kupima? Tutarudishaje jina lake?

KAZI YA MWEZI HUU

Chagueni watu wawili, mwanamke na mwanamume, wajifunze kupima upepo na kuandika daftari pamoja na dereva. Jazeni tangi mara tatu, leteni hesabu kwenye mkutano, na msiguse kipuri chochote kabla ya hapo. Vikundi visivyo na gari vinaweza kufanya zoezi hili kwa jenereta, pampu ya maji au posho mili. Badala ya kilomita, hesabuni saa za kazi au magunia kwa kila lita.